Maumivu Aliyoyaficha Mushiya

Kila Jumanne na kila Ijumaa asubuhi, Mushiya aliwangoja samaki wa ziwa Nzilo. Gaston aliwaleta kwa pikipiki, ndani ya besheni mbili zilizofunikwa majani mabichi. Akifika mbele ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba yao, alipiga honi mara tatu. Mushiya alitoka na ndoo yake. Alimshika kila samaki, akamfungua mashavu, akaangalia kama ndani bado ni mwekundu.

"Mama Gradi, unaangalia samaki sawa docteur," Gaston alisema.

"Juu ya nini nisiangalie? Ile moja ya Jumanne ilikufa toka Pasaka."

"Eh, mama! Ile njo kuchafula jina yangu."

Walicheka. Kisha Mushiya alimfunga mtoto wake Gradi mgongoni, akaweka ndoo kichwani, akaenda kuwauza sokoni.

Mushiya alikuwa na miaka ishirini na minne. Mumewe aliitwa Mpoyi. Alikuwa fundi wa kusoudé, yaani kuunganisha chuma kwa moto. Alitengeneza milango, madirisha na vitanda vya chuma. Watu wa mtaa wao wa Manika walipowaona, walisema: Mungu amewatazama hawa wawili. Mpoyi hanywi pombe. Mushiya hana ugomvi na jirani. Mtoto ana miezi tisa na mashavu yamejaa.

Lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelisema.

Gradi alipofika miezi mitatu, Mpoyi na Mushiya walianza tena kulala pamoja kama mume na mke. Siku ya kwanza Mushiya alisikia maumivu makali, kama pilipili juu ya kidonda. Aliuma ncha ya kitenge chake, akanyamaza. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mara ya tatu alisema kichwa kinamuuma. Baadaye alisema amechoka. Mwishowe alianza kumlaza Gradi katikati ya kitanda, kama ukuta mdogo unaopumua.

Mpoyi hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuuliza. Aliwaza moyoni: bibi yangu amenichoka.

Mushiya naye aliwaza: akijua, ataenda kutafuta mwingine.

Basi kila mmoja alilala na wazo lake.

Kisha Gradi akapata kikohozi na homa. Wiki ile ile, Mpoyi aliungua mkono wa kushoto kwa chuma cha moto. Siku ya Jumatano, Tantine Tshibola akafika.

Tantine Tshibola alikuwa dada ya marehemu baba yake Mpoyi. Ndiye aliyemlea Mpoyi tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa na roho nzuri. Kanisani alikaa safu ya mbele. Lakini katika mambo ya desturi, hakuna aliyethubutu kumpinga. Babu zake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi, na walikuja na desturi zao zote, hawakuacha hata moja njiani.

Alikaa. Alimtazama mtoto anayekohoa. Alitazama kitambaa kwenye mkono wa Mpoyi.

"Mpoyi, toka inje kidogo," alisema. "Mi niko na maneno na bibi yako."

Mpoyi akatoka.

"Mushiya. Mutoto anakohoa. Tata yake ameungua. Na wewe, toka miezi mingi, unakimbia bwana yako. Ye mwenyewe aliniambia. Alilia, mutoto mukubwa vile. Sasa mi nakuuliza: ni tshibau?"

Kwa watu wa Kasai, neno hilo halihitaji sauti kubwa. Wanaamini hivi: mwanamke aliyeolewa akiguswa na mwanaume mwingine, halafu akaficha, balaa inaingia nyumbani. Inampata mume au mtoto. Ndiyo maana mwanamke mwenye kosa anaogopa kulala na mumewe kabla hajaungama. Kwa hiyo watu wakimwona mke anakimbia kitanda, wanamhesabia kosa hilo.

"Apana, Tantine! Hakuna mwanaume."

"Kama hakuna, juu ya nini unamukimbia?"

Mushiya alifungua mdomo. Jibu lilikuwapo, tayari kwenye ulimi. Lakini angelisemaje? Mbele ya shangazi wa mume wake? Maneno yote aliyoyajua ya sehemu ile ya mwili yalikuwa matusi, au maneno ya watoto. Akafunga mdomo.

Tantine Tshibola aliuchukua ukimya ule kuwa jibu.

"Sikia, mwanangu. Jumapili, kiisha ibada, jamaa itaikala kwangu. Utakuya na kuku. Utataja jina ya ule mwanaume. Tutakusafisha, itaisha, hakuna mutu atakufukuza. Lakini ukinyamaza, utarudia kwa jamaa yako, ku mji ya Kasaji. Na mutoto atabakia. Mutoto ni wa kwetu."

Alibusu paji la uso la Gradi, akaenda.

Alhamisi yote Mushiya alifanya kazi kama mtu aliyeazimwa mikono. Alipika bukari, yaani ugali, akasahau chumvi katika mboga. Alifua shati moja mara mbili. Kichwani mwake palikuwa na neno moja tu: mtoto atabaki.

Na hapo ndipo jina la Gaston lilipomjia.

Lilikuja kwanza kama mzaha. Kisha likakaa. Kila wiki Gaston anafika mbele ya lupango. Kila mtu amemwona akicheka naye. Mushiya akisema, "Gaston alinishika mkono," nani atabisha? Atatoa kuku. Watamsafisha. Ataona haya mwezi mmoja, miwili, kisha atabaki na mtoto wake. Ila Mpoyi atamchukia Gaston, na labda watapigana.

Ijumaa asubuhi honi ililia mara tatu.

"Mama Gradi, leo sikawie," Gaston alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitabasamu. "Bibi yangu iko ku maternité toka jana, anangoja kuzaa. Uniombee."

"Nitakuombea," Mushiya alijibu. Hakuweza kumtazama. Alichukua samaki bila kuwafungua mashavu.

Sokoni alikaa juu ya kigoda chake. Karibu saa tano, Mama Marlène alifika kununua samaki. Mama Marlène alikuwa jirani wa avenue ya pili. Alifanya kazi kwenye kituo cha afya. Yeye ni kiné, maana yake mtu anayetibu mwili kwa mikono na kwa mazoezi. Vijana wanaochimba shaba na cobalt walimjua vizuri. Walimletea migongo iliyokufa ganzi na magoti yaliyovimba.

Alichagua samaki wawili. Lakini hakuondoka. Alisimama akimtazama Mushiya.

"Mama Gradi, toka mwezi ya tatu nakuangalia. Unaikala upande moja tu."

"Ni kigoda, mama. Iko mubaya."

"Kigoda? Na banc ya kanisa pia iko mubaya?"

Mushiya alicheka bila kutaka.

"Mi natumika kazi na mwili ya batu miaka kumi na munane," Mama Marlène alisema. "Mugongo inaweza kudanganya kidogo. Tako haiseme bongo hata siku moja."

Muuza vitunguu wa pembeni aliangua kicheko. Mama Marlène naye alicheka, kisha akainama kama anayechagua samaki mwingine. Alisema kwa sauti ndogo: "Kuya ku centre saa munane. Kuya na mutoto. Nasikia kifua yake toka hapa."

Saa nane Mushiya alikuwa kituoni. Mama Marlène alimpeleka kwanza kwa muuguzi Micheline. Muuguzi alisikiliza kifua cha Gradi, akampima homa, akampa dawa.

"Ni bronchite, ugonjwa ya kifua," alisema. "Vumbi ya malori na moshi ya makaa. Usipikie karibu naye. Kiisha siku tano unarudia naye tena, tuone."

"Haiko... kitu ingine?"

"Kitu gani ingine?"

Mushiya alimrudisha Gradi mgongoni. Alisikia kamba moja ikifunguka kifuani.

Chumba cha Mama Marlène kilikuwa na mkeka mnene, pazia la bluu na ndoo ya maji safi. Mama Marlène alifunga mlango, akakaa chini, mgongo ukutani.

"Sasa sema. Inauma wapi?"

"Kule chini."

"Chini ni fasi kubwa, mama. Hata kisigino iko chini."

Mushiya alifunika uso kwa kitenge. "Pale mutoto alipitia."

"Vizuri. Mu bitabu ya afya banaita uke. Sema nawe."

"Siweze."

"Unaweza. Ni mwili yako, haukuiiba kwa mutu."

"Uke," Mushiya alisema ndani ya kitenge.

"Unaona? Nyumba haikuanguka."

Mushiya alicheka, na kicheko kikageuka machozi, na maneno yakafuata machozi. Alisimulia jinsi alivyochanika wakati wa kuzaa, na jinsi walivyomshona. Alipotoka maternité, wanawake wa jamaa walimkalisha juu ya beseni la maji ya moto sana, yenye chumvi na lile jiwe jeupe la kukaza linaloitwa alun. Walisema ni kwa ajili ya kumfunga, asibaki mlango wazi.

"Na ulifanya siku ngapi?"

"Nafanya mpaka leo. Kila siku."

"Miezi tisa?" Mama Marlène alikaa wima.

"Ilipoanza kuuma, niliwaza sijafunga vizuri. Nikaongeza alun."

Mama Marlène hakumcheka, wala hakumgombeza. Aliunyoosha mkono wa Mushiya.

"Fanya ngumi. Nguvu yote. Sasa mi nataka kupitisha kidole yangu ndani."

Alijaribu. Kidole kilikwama. Mushiya alisikia maumivu kwenye vidole vyake.

"Sasa legeza. Polepole."

Mushiya alilegeza. Kidole kikapita, bila shida.

"Ule mukono haukukuwa mubaya. Ulikuwa umejifunga tu. Chini ya tumbo yetu kuko misuli, sawa kitambaa inabeba bitu byote bya ndani. Ulishonwa, na fasi ile ikabakia kovu. Maji ya moto na alun vinakausha ngozi na kuiunguza. Na kunyonyesha pia kunapunguza majimaji ya mwanamke, hiyo ni kawaida. Siku ya kwanza uliumia. Misuli ikaogopa. Sasa inajifunga hata kabla bwana yako hajafika. Mwili yako haimukatae Mpoyi. Inakataa maumivu."

Mushiya alikunja ngumi tena, akailegeza. Miezi sita alijiona mke aliyeharibika.

"Inaweza kupona?"

"Inaweza. Si kwa siku moja. Kwanza Micheline atakuangalia kama hakuna kidonda wala microbe. Mwanamke akitoka damu, ao harufu mubaya, ao homa, ao mukojo unatoka wenyewe, anaenda ku docteur mbio, hangojee mazoezi."

Muuguzi alimchunguza nyuma ya pazia. Hakukuwa na ugonjwa. Kulikuwa na kovu gumu na ngozi kavu.

Ndipo kazi ilipoanza. Mushiya alilala chali kwenye mkeka, magoti juu.

"Naweza kuweka mukono yangu juu ya tumbo yako?" Mama Marlène aliuliza.

Mushiya alimtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Siku ya kuzaa hawakumuuliza. Siku ya ndoa, wanawake walipomwosha na kumfundisha, hawakumuuliza.

"Ndiyo," alisema.

"Vuta pumzi mpaka mukono yangu inapanda. Sasa itoe polepole. Achilia meno. Unayafunga sawa mutu anavunja mahindi. Meno yakifungika, na chini kunafungika."

Mushiya alilegeza taya. Alilegeza mabega. Alipumua mara kumi. Mara ya kumi na moja alisikia kitu chini ya tumbo kikishuka, taratibu, kama mzigo unaotuliwa. Alishtuka. Hakujua kwamba alikuwa ameubeba.

Mama Marlène alimfundisha mambo matatu ya kufanya nyumbani. Aache alun na maji ya moto, aoge kwa maji ya vuguvugu tu. Apumue vile asubuhi na mchana. Na mikono ikiwa safi, ajipake mwenyewe mafuta safi ya farmasi juu ya kovu, alisugue kwa upole ili lilainike, na aache pale linapouma.

"Na ya ine," Mama Marlène alisema, "Mpoyi ajue."

Mushiya aliketi. "Apana, mama. Heri niseme Gaston."

"Gaston gani?"

Mushiya alieleza yote: tshibau, kuku, Jumapili, jina. Mama Marlène alisikiliza, mikono ikiwa kichwani.

"Gaston wa samaki? Mwenye bibi yake iko ku maternité? Unataka kuungama zambi ya bongo juu ya kovu?"

"Zambi iko na kuku, mama," Mushiya alisema. "Unaleta kuku, inaisha. Haya yangu haina kuku."

 Mama Marlène alimfunga Gradi vizuri mgongoni kwa mama yake.

"Sikia," alisema mwishowe. "Desturi yenu bakubwa baliiweka juu ya kulinda nyumba. Lakini haiwezi kupima kovu. Kesho umwambie Mpoyi. Ye peke yake. Na si mu kitanda. Mu kitanda mutu anaogopa. Mwambie muchana, mikono ikiwa na kazi. Mikono ikiwa na kazi, macho inapata fasi ya kujificha."

Jumamosi umeme ulikatika saa tatu. Fundi wa kusoudé bila umeme hana kazi. Mpoyi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kizingiti akipepea mkono wake ulioungua. Mushiya alikuwa uani akipara samaki waliobaki.

"Tata Gradi, nishikie besheni."

Mpoyi alishika besheni kwa mkono mzima. Magamba yaliruka. Mushiya alimtazama samaki tu.

"Niko na neno. Usinitazame."

"Sikutazame."

"Kila wakati tunalala pamoja, mi naumia. Naumia sana. Toka Gradi alizaliwa. Pale balinishona. Sikukuchoka. Hakuna mwanaume. Ni kuumia tu."

Kisu kilisimama. Besheni pia ilisimama. Kuku wa jirani aliingia, akadonoa gamba, akatoka.

"Toka siku ya kwanza?" Mpoyi aliuliza.

"Toka siku ya kwanza."

"Na ulinyamaza?"

"Niliuma kitenge."

Mpoyi aliweka besheni chini. Aligeuza uso. 

"Kumbe mi nilikuwa nakuumiza, na sikujua. Niliwaza unaniona takataka. Siku ingine nilibakia ku atelier bure tu, nikipiga chuma, juu sikutaka kurudia."

"Na mi niliwaza ukijua, utatafuta mwingine."

"Mwingine wa nini? Hata wewe sikujua namna ya kukuuliza."

Mushiya alijipa moyo, akamwambia na habari ya Gaston. Mpoyi alisimama. Uso wake ulikunjamana. Mushiya aliona hasira ikija, akaogopa.

"Gaston?" Mpoyi alisema. "Gaston wa ile tumbo?"

"Njo jina ilikuya mbele."

"Mushiya! Kama unanidanganyia mwanaume, si uchague angalau mwenye meno yote?"

Walitazamana. Kisha walicheka mpaka Gradi akaamka akaanza kulia, na walipomnyamazisha bado walikuwa wanacheka, na macho ya Mpoyi yalikuwa na maji.

Alasiri hiyo hiyo walikwenda pamoja kwa Mama Marlène. Mpoyi alikaa kwenye mkeka kama mwanafunzi aliyechelewa. Alitazama dari. Alitazama ndoo. Popote, isipokuwa usoni mwa mama yule.

"Tata Gradi," Mama Marlène alisema, "ukishika chuma ya moto, unafanya nini?"

"Naachilia."

"Unafikiri kwanza?"

"Apana. Mukono inaachilia yenyewe."

"Mwili ya bibi yako inafanya vile vile. Ukimulazimisha, unaongeza moto. Ukingoja, inapoa."

Kisha aliwapa kazi ya nyumbani. Kwa wiki sita wasijaribu tendo lenyewe. Wawe na wakati wao wa mchana, mtoto akiwa amelala. Mpoyi aweke mkono mahali pamoja: bega, mgongo, kiganja, unyayo. Aulize kwanza. Mushiya ajibu ukweli, si jibu la kumfurahisha mtu. Akisema endelea, Mpoyi aendelee. Akisema ngoja, angoje. Akisema acha, aache, bila kununa. Halafu wabadilishane.

"Na mi pia ataniuliza?" Mpoyi alishangaa.

"We si mutu? Hauna mgongo?"

"Niko nayo," Mpoyi alisema polepole. "Inauma mbaya sana, na kuinama kwa kazi."

Walijaribu pale pale, mikono tu. Mpoyi aliweka kiganja chake kigumu juu ya kiganja cha Mushiya. "Hapa iko sawa?" Mushiya alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kufikiri kabla ya kujibu swali kama hilo. "Nyepesi kidogo," alisema. Mpoyi akafanya nyepesi.

Jumapili, baada ya ibada, jamaa walikusanyika kwa Tantine Tshibola. Mkubwa wa jamaa, Tata Donatien, alikaa kwenye kiti cha mikono. Mushiya aliingia na Mpoyi, mtoto mgongoni. 

"Kuku iko wapi?" Tantine aliuliza.

Mpoyi alibaki amesimama.

"Hakuna kuku, Tantine. Hakuna mwanaume. Bibi yangu alichanika wakati alizaa mutoto wetu, na kovu inamuuma. Mutoto iko na bronchite, ameanza dawa. Mi nilijiunguza juu sikuvaa gant ya mikono. Nilimuona bibi yangu anageuka, sikumuuliza. Kama kuko kosa ya kuungama leo, ni yangu."

 Tata Donatien alianza kuchunguza kiatu chake.

"Hauna haya?" Tantine alisema. "Kuleta mambo ya chumba mbele ya batu?"

Mushiya hakuwa amepanga kusema. Lakini alivuta pumzi, akalegeza meno, na sauti ikatoka.

"Tantine, muliniita hapa juu niseme mambo ya chumba. Kama ningesema bongo, mungenisafisha. Sasa tunasema kweli, njo inakuwa haya?"

 Tantine Tshibola alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyozoea kutoa amri, na sasa ilikuwa haina la kufanya.

"Mi nilizaa saba," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile maji ya moto, mama yangu njo alinikalisha. Kila mutoto. Niliumia miaka yote. Niliwaza njo vile iko, kwa banamuke bote." Alinyoosha kitenge chake. "Hakuna mutu aliniuliza."

Mushiya alimfungua Gradi mgongoni, akamweka kwenye mapaja ya shangazi. Tantine alimshika. Gradi alikohoa mara moja, akavuta hereni ya Tantine.

"Basi, mambo imeisha," Tata Donatien alisema, akisimama haraka kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Bukari itapoa."

Kikohozi cha Gradi kiliisha kabla ya wiki mbili. Kovu la Mushiya lilichukua muda zaidi. Siku nyingine mazoezi yalikwenda vizuri. Siku nyingine alisema acha, na Mpoyi akaacha, wakabaki wanaongea tu. Waligundua kwamba walikuwa na mengi ya kuongea. Mpoyi alimwambia jinsi alivyokuwa akimwogopa baba yake, kabla hajafariki. Mushiya alimwambia kwamba hapendi kushikwa shingo, ila nyuma ya masikio anapenda sana. Walikuwa wameoana miaka mitatu, na hayo yote yalikuwa habari mpya.

Wiki ya nne Mushiya aliketi sokoni siku nzima bila kuhama upande. Aligundua jioni, alipokuwa anaosha ndoo.

Tantine Tshibola hakuomba msamaha kwa maneno. Lakini binti wa ndugu yake, Abigaëlle, alipojifungua, na wanawake wakaweka maji jikoni yachemke, Tantine alilitwaa lile jiwe la alun akalitupa nyuma ya choo. "Maji ya vuguvugu," alisema. "Na kiisha wiki sita mumupeleke kwa Marlène. Mumuulize kama anaumia. Mumuulize yeye, musimuulize bwana yake."

Wiki ya nane, siku ya Jumamosi, mvua kubwa ilinyesha mchana. Umeme ulikatika. Gradi alikuwa kwa shangazi. Mpoyi na Mushiya walikuwa peke yao, na hawakuwa na haraka. Gel ya farmasi, ya kulainisha, ilikuwa karibu. Mpoyi aliuliza, Mushiya akajibu, na kila kitu kilikwenda polepole, kama Mama Marlène alivyowaambia.

Mushiya aliyangoja maumivu. Aliyangoja kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni mbaya mlangoni. Alipumua. Aliendelea kungoja. Hayakuja.

Akaanza kucheka.

Mpoyi aliacha mara moja. "Nini? Nimefanya nini?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu inauma."

 Mpoyi aliweka paji la uso lake kwenye bega la mkewe, na baada ya kitambo Mushiya alisikia bega lake limelowa. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, na hakuna jirani aliyesikia ni nani kati yao aliyekuwa analia, na ni nani aliyekuwa anacheka.